Yaya wa Marekani anataka fakture za dawa za mama, na mimi siko nazo

Tantini, jambo sana. Tafazali usitie jina yangu, huku Bukavu watu wanajuana kupita kiasi, sema tu nakaa upande wa Kadutu.

Niko na miaka 36, bwana wangu ni fundi wa kujenga, tuko na watoto watatu. Mama yetu anaishi kwangu tangu baba afariki, ako na ugonjwa wa sukari pamoja na tension, anajichoma insulini asubuhi na magaribi. Friji hatuna, na hata tungekuwa nayo umeme unaenda unarudi vile unajua, njo tunaweka insulini ndani ya chungu kidogo, kile kidogo kinakaa ndani ya kikubwa, katikati mchanga, na ule mchanga tunaumwangia maji kila siku. Hiyo kazi ni yangu. Kumupeleka kwa munganga ni mimi. Usiku sukari ikishuka akianza kutoka jasho na kusema maneno haieleweki, ni mimi na kikombe cha maji ya sukari.

Feza ni ya yaya, kaka yetu mukubwa. Yaya wetu wa kwanza ako kule Ohio, Marekani, miaka tisa sasa, anafanya kazi ya usiku kwenye depo, na kila mwezi anatuma dola 200 ya mama. Hajaruka hata mwezi moja, hapo sitamusingizia.

Sasa mwezi huu wa pili ananitumia vokali, ujumbe wa sauti: « Dada mudogo, nikusanyie fakture zote za mama za mwaka wa 2025, ziandikwe jina yangu, juu huku serikali inarudisha feza za lopitali. » Kuko bwana moja wa kwetu kule anajazia watu karatasi za kodi, njo alimuambia atapata kama dola 3,000, lakini vyote viingie mbele ya tarehe 15 ya mwezi wa ine. Nikafungua kale kakopo ka biskwiti tunawekea karatasi. Tantini, nilikuta tisa. Moja mama alikuwa amefungia chumvi ndani. Nikaipanguza, imeandikwa na biki ya bluu: insulini 1, seringe 10, dola 14. Jina hakuna, tarehe hakuna, muhuri hakuna. Za miezi ingine sijui zilienda wapi, hapa nani anaweka karatasi ya farmasi?

Nikamuambia. Akatuma vokali ya pili: « Basi enda kwa ule wa farmasi akuandikie zingine, na umuambie afikishe 6,000, ni karatasi tu, hakuna mutu ataumia. » Ule mama wa farmasi tunaimba naye kwaya moja. Nilimugusia tu, akasema haina shida, dola 20 ananipa kitabu kizima na muhuri.

Sasa nakuambia ile sijaambia mutu. Katika zile 2,400 za mwaka, dawa na kuona munganga zilikula kama 1,300, chakula ya mama tuseme 400. Zingine nililipa minervali, feza ya masomo, ya wawili wenye wako sekondari, na mara mbili nyumba. Juu shantie zimesimama, bwana anatoka asubuhi na vyombo vyake anarudi navyo magaribi vile vile. Mama anajua nusu. Yaya hajui kitu.

Na kuko wifi, bibi ya yaya. Wiki iliyopita aliniandikia pembeni: « Dada, tuma fakture za kweli tu, zile uko nazo. » Hiyo tu, hata salamu hakuna. Nilikaa na hayo maneno siku tatu yananichoma. Huyu hajawahi kunipenda, naona ni yeye alianzisha hii yote ya fakture ili wajue feza inaenda wapi.

Mama anasema: « Fanya vile yaya yako anataka, ule njo baba yako sasa. » Nikituma za 6,000 nimefanya wizi na muhuri wa mutu wa kanisa. Nikituma tisa wataniuliza zingine ziko wapi. Nikikatala, akasirike aache kutuma, mama atanifia mikononi. Nifanye nini?

Mama wa Kadutu

—

Dada yangu wa Kadutu,

Nimesoma barua yako mara mbili, ya pili maharagwe yakaungua jikoni, kwa hiyo ujue uko na deni langu. Pole kwa zile usiku za kikombe cha maji ya sukari. Watu wanaotuma pesa wanajua bei ya insulini, lakini ule mchanga wa chungu kwamba unamwagiwa kila siku, hata Jumapili, hata ukiwa mgonjwa, sidhani kama yaya anauwazia.

Umeniletea mambo mawili umeyafunga kwa kamba moja. Liko la serikali ya Marekani na karatasi zake, na liko la ile pesa ya minervali. Kamba ni fakture. Mimi ningependa tuifungue kwanza, juu naona kwenye lile la kwanza kuna mtu amedanganywa, na si wewe.

Ile habari kwamba Marekani « inarudisha pesa za lopitali » ina ukweli kidogo ndani yake, njo maana watu wanaimeza. Kule, ukijaza karatasi ya kodi ya mapato, unaweza kuomba matumizi yako ya matibabu yatolewe kwenye mapato yako kabla hawajahesabu kodi. Yatolewe kwenye mapato. Hakuna dirisha unapeleka fakture ya dola 14 wanakurudishia dola 14. Na tena hawatoi yote. Wanachukua mapato yako ya mwaka, wanapiga asilimia 7.5, na yote yaliyo chini ya hapo wanakuambia hiyo beba mwenyewe. Sijui yaya na wifi wanapata ngapi, tufanye wote wawili 60,000 kwa mwaka. Asilimia 7.5 yake ni 4,500. Sasa yaya alituma 2,400, na hata ungekuwa umeinunulia dawa yote mpaka senti ya mwisho, haifiki pale wanapoanza kuhesabu. Inabaki sifuri.

Ngoja, iko nyingine. Kila mtu kule anapewa kipunguzo cha jumla bila kuonyesha karatasi yoyote. Kwa mwaka wa 2025 mtu peke yake ni dola 15,750, na mke na mume wanaojaza pamoja ni 31,500. Unachagua moja, ama unachukua hicho cha bure, ama unaorodhesha matumizi yako moja moja, matibabu, riba ya mkopo wa nyumba, sadaka za kanisa na kadhalika. Kuorodhesha kuna maana kama jumla yako inapita hicho cha bure. Sasa chukua hizo 6,000 za uongo. Toa 4,500, zinabaki 1,500. Ziweke pembeni ya 31,500 halafu niambie. Na hata kama wangekuwa na mkopo mkubwa wa nyumba na wanaorodhesha kweli, hizo 1,500 kwa watu wa mapato hayo zingepunguza kodi kama dola 180. Mia moja themanini, dada. Yule bwana amemuahidi 3,000. Hizo 3,000 haziwezi kutoka kwenye insulini ya mama, kwa hiyo kama kweli zitatoka, ujue kuna mistari mingine anaandika kwenye ile karatasi ambayo wewe hujaambiwa, na labda yaya mwenyewe hajaambiwa.

Lakini hesabu zote hizo nimezifanya bure tu, juu kuna kitu kinakuja mbele yake. Matibabu unayoweza kuomba ni yako, ya mke au mume wako, na ya watu unaowalea wanaokubalika na sheria yao. Mzazi anaweza kukubalika, hata kama haishi nyumbani kwako, ukiwa unalipa zaidi ya nusu ya gharama za maisha yake. Hapo mama angepita vizuri. Shida ni sharti lingine, kwamba mtu huyo awe raia wa Marekani, au mkaaji wa Marekani, Canada au Mexico. Mama yenu mwenye kukaa Kadutu hayumo. Ziwe fakture tisa au mia, za kweli au za kitabu cha dola 20, ziwe na jina la yaya au la nani, kwa ile kodi hazina kazi.

Najua wengi wetu tunachanganya na mambo ya hapa, maana kwa miaka mingi mwenye mshahara Kongo alikuwa anapunguziwa IPR, ile kodi ya mshahara, asilimia 2 kwa kila mtu anayemlea, mpaka watu tisa, na hakuna aliyeuliza kama mtu huyo alichomwa sindano au hapana. Kule ni hadithi nyingine.

Sasa turudi kwa wifi, na hapa naomba unisikilize polepole juu naona njo panakuuma.

Umesema yeye njo alianzisha. Umeona wapi? Kwenye barua yako vokali zote mbili ni za yaya, na ile ya 6,000 ni sauti ya yaya. Wifi ameandika sentensi moja, tuma za kweli tu. Wewe umeisoma kama mtu anayekuvizia. Inaweza kuwa hivyo, mimi siko ndani ya nyumba yao. Lakini kuna kitu pengine hukijui. Mke na mume wakijaza kodi pamoja kule, wanatia sahihi wote wawili, na deni likija linamkamata yeyote kati yao, lote, hata kama uongo aliuandika mmoja. Ikionekana kodi ilipunguzwa kwa uzembe wanalipa ile iliyokosekana na adhabu ya asilimia 20 juu yake, na ikionekana ni udanganyifu wa makusudi ni asilimia 75 kwa yule aliyedanganya. Kwa hiyo inawezekana mwanamke huyo alisikia mume wake anasema « afikishe 6,000 », akashtuka, na akakimbilia kwa mtu mmoja tu anayeweza kuizima bila kelele, yaani wewe. Aliandika bila salamu, sawa. Mimi nikiwa na hofu hata mume wangu simsalimii.

Nakuuliza tu, ukiisoma tena ile meseji na masikio hayo, inasikika namna gani?

Basi njia zako. Ya kitabu cha dola 20 umeshaipa jina mwenyewe, sina la kuongeza ila moja. Kule wanataka mtu aweke jina na anwani ya aliyelipwa, kiasi, na tarehe ya kila malipo. Maana yake jina la yule mama wa kwaya na duka lake vitaingia kwenye madai ya uongo ya nchi nyingine, na sidhani aliposema « haina shida » alikuwa anafikiria hilo. Alikuwa anafikiria dola 20. Na yaya akishapewa kitabu mwaka huu, mwaka ujao ataomba tena, utakataa na mdomo gani?

Unaweza kumtumia zile tisa na kunyamaza. Hutakuwa umedanganya mtu. Lakini kimya hicho kina bei, maana tisa kwa miezi kumi na miwili zinaongea zenyewe, na mtu aliye mbali, peke yake kwenye depo saa tisa ya usiku, anajaza ile nafasi tupu na mawazo mabaya kuliko ukweli wenyewe.

Unaweza kumuambia tu habari ya sheria, kwamba mama hakubaliki kule, na ukaishia hapo. Hiyo ni kweli, na inamsaidia. Ila jiandae, kama ana shaka tayari ataona umetafuta mlango wa kutokea. Na siku akijua ile ya minervali, atarudi nyuma ahesabu kwamba ulikuwa na sababu yako ya kutotaka fakture.

Na iko ile unaiogopa, kumuambia ya minervali. Siwezi kukuambia hataudhika. Anaweza kuudhika sana, anaweza kukaa mwezi bila kupiga simu, wifi anaweza kusema neno. Sasa unaposema ataacha kutuma na mama atakufa, nakuuliza, huyu ni yule yaya hajaruka mwezi hata mmoja? Unamjua kuliko mimi. Mimi nimeona kwenye barua mtu anayetafuta 3,000 kwa nguvu mpaka anaomba uongo, na hiyo kwangu inanukia mtu aliyebanwa. Labda pesa imemwishia huko na hajasema, kama vile wewe shantie zimesimama na hukusema. Sijui. Lakini hakuna aliyemuuliza.

Na hiyo pesa yenyewe, umeiweka karibu na neno wizi. Sitakufuta machozi haraka haraka, ilitumwa kwa jina la mama na uliipeleka kwingine bila kuuliza, na kama yaya ataona ni kosa ana haki ya kuona hivyo. Ila pia yule mama analala kwenye nyumba ambayo pango lake lazima lilipwe, na anayemuamkia usiku ni mtu ambaye hakuwekewa mshahara. Familia nyingi hazikai chini kusema wazi dola 200 ni za nini: dawa tu? Dawa na chakula? Na yule anayeuguza, naye anakula wapi? Nyinyi hamkusema, kila mtu akajaza kichwani kwake. Mazungumzo hayo yamechelewa miaka, na sasa yamekuja yamevaa nguo ya fakture.

Ukiamua kuongea, vitu viwili vitatu vya mkono. Usitume vokali. Vokali inasikilizwa mara tano na inapigwa mbele ya watu. Mpigie Jumapili, saa mbili ya usiku kwenu kwake ni saa saba au saa nane mchana, atakuwa ameamka na hajaenda kazini. Mama asiwe karibu, juu atalia na mazungumzo yatakuwa ya kumnyamazisha mama. Na usianze na sheria ya Marekani, wala na wifi. Ile meseji ya wifi hasa usiitaje, kama ni hofu ilimfanya aandike utamchomea nyumba.

Kuhusu yule bwana wa kodi, yaya ana maswali mawili rahisi ya kumuuliza. Je, atatia sahihi yake na namba yake ya kujazia kodi kwenye ile karatasi? Sheria ya kule inamlazimisha kila anayelipwa kujazia watu afanye hivyo, na akikataa yaya ashike karatasi zake aondoke, maana ukaguzi ukija anatafutwa mwenye mapato. Na la pili, mstari gani hasa unaleta zile 3,000? Kama amekwisha kutuma, bado mtu anaweza kurekebisha mwenyewe kwa fomu ya 1040-X, ni afadhali kuliko kungoja. Wapo pia wa kujitolea wanaojazia bure watu wa kipato cha kawaida na wasiojua Kiingereza vizuri, programu yao inaitwa VITA. Usicheke, njo jina lake, kwetu Kivu jina baya kabisa lakini kule ni watu wa kalamu. Na kama yeye na wifi walilipa wenyewe meno, miwani, lopitali ya kuzaa, hizo njo karatasi za kumuonyesha mtu wa kodi, si za mama.

Yule mama wa farmasi naye bado anaweza kukusaidia bila kitabu cha uongo. Wengi wao wana daftari ya mauzo. Muombe akutolee zile siku ulizonunua kweli, tarehe na bei, atie muhuri hapo. Kwa kodi haina faida, nimeshakuambia. Ni ya yaya, kama mtafika mahali ataka kuona, na hata ya kwako mwenyewe, maana umeandika « kama 1,300 », na mtu anayesema « kama » kwenye simu ya namna hii atateseka.

Ile karatasi ya chumvi iweke na zingine, hata kama imekunjamana. Halafu niandikie uniambie yaya alisema nini, na mama sukari yake inaendaje.

Tantini